Nyenje wa kulishia geko wanakufa ndani ya siku chache: niwahifadhi vipi?

Mama Nasra, Leicester

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wanajamvi wote.

Binti yangu anafuga geko chui, yule mjusi wa madoadoa ambaye asili yake ni maeneo makavu ya Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Huyu wetu alizaliwa kizimbani hapa hapa Uingereza. Mjusi mwenyewe hana shida. Mkia wake umenenepa kwa kiasi kizuri, anajivua ngozi bila kubakiza vipande vidoleni, na jioni hutoka pangoni akiwa na njaa. Kinachonishinda mimi ni wale wadudu hai anaokula.

Dukani tunauziwa nyenje katika vikopo vya plastiki vyenye vitundu vichache kifunikoni. Nikiwaacha humo humo, baada ya siku chache wengi wamekufa, kopo linatoa harufu kali kama ya mkojo, na waliosalia wamelegea kiasi kwamba mjusi huwatazama tu. Nikinunua wakubwa huimba usiku kucha, na kwa kuwa kuta za fleti yetu ni nyembamba, jirani ameshauliza kwa upole kama king'ora chetu cha moshi kinahitaji betri mpya. Muuzaji mmoja amenishauri niwaweke frijini. Mwingine amesema niachane na nyenje kabisa, nimlishe mjusi funza wa unga peke yao, kwa sababu hao hukaa frijini majuma mengi bila kudai chochote. Mume wangu naye hataki kusikia habari ya funza kulala karibu na maziwa.

Naomba mwenye uzoefu anieleze ni wadudu gani wanaofaa kukaa katika baridi na ni wapi wasiofaa, namna ya kuwatunza nyenje wafike angalau mwisho wa juma wakiwa na nguvu, na iwapo kumlisha mjusi aina moja tu ya mdudu kuna madhara.

Mfugaji wa Hamburg

Wa aleikum salaam, Mama Nasra.

Nianze na friji, kwa kuwa ndiko ushauri ulikokuchanganya. Nyenje asiwekwe frijini. Nyenje wa kahawia, yaani Acheta domesticus, ni mdudu wa joto anayestawi katika nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na baridi ya friji ya nyumbani, ambayo kwa kawaida ni nyuzi 4 au 5, humlegeza kwanza kisha ikamuua. Funza wa unga, ambao ni mabuu ya mbawakawa Tenebrio molitor, ndio wanaostahimili baridi, nao hupendelea nyuzi 7 hadi 10, kwa hiyo waweke mlangoni mwa friji au sehemu yoyote isiyo baridi sana. Jihadhari na wale funza wakubwa zaidi, Zophobas morio, ambao maduka mengi huwapanga rafu moja na funza wa unga: kwa macho wanafanana, lakini hawa hufa wakiingizwa frijini. Hao waache katika joto la kawaida la chumba, ndani ya pumba, na wakae pamoja, maana funza wa aina hii hageuki pupa, yaani hatua ya kati ya buu na mdudu kamili, mpaka atengwe na wenzake.

Sasa nyenje. Kinachowaua ndani ya kopo ni msongamano, unyevunyevu, na kinyesi chao kinachotoa amonia. Hiyo ndiyo harufu uliyoieleza. Siku unapowanunua, wahamishie kwenye ndoo au boksi la plastiki lenye kuta laini na ndefu, lenye ukubwa mara nyingi kuliko lile kopo. Kata tundu kubwa kwenye kifuniko na ulizibe kwa wavu wa chuma, kwa sababu wavu wa nailoni wataukata kwa meno mpaka watoke. Ndani simamisha vipande vya trei za mayai, wima, ili kinyesi kianguke chini na nyenje wapate sehemu za kujificha bila kukanyagana. Usiweke udongo wala vumbi la mbao: sakafu tupu hukauka haraka na hufagilika kwa dakika mbili. Kila baada ya siku kadhaa toa maiti na kinyesi, na trei iliyochafuka itupe.

Maji ndiyo yanayowasumbua watu wengi. Ukiweka kibakuli cha maji watazama, na usipoweka kitu watakauka na kuanza kulana. Kipande cha karoti au kiazi mviringo kinachobadilishwa kila siku kinatosha, au ile jeli ya maji inayouzwa madukani. Kitu chochote chenye majimaji kiondolewe kabla hakijaota ukungu, maana boksi likishalowa utarudi palepale ulipoanzia.

Kuhusu kelele, wanaoimba ni madume yaliyokwisha kukomaa, kwa kuwa huimba kwa kusugua mabawa, na mabawa kamili huota katika hatua ya mwisho. Nunua saizi ya kati ambayo bado haina mabawa, na ununue wachache kila mara badala ya kopo kubwa la mwezi mzima. Ukikuta wanakufa wengi hata baada ya kuwapa nafasi na ukavu, huku wakilala chali na miguu imepooza, fahamu kwamba kuna kirusi kiitwacho densovirus ambacho hushambulia nyenje wa kahawia. Kiliwafilisi wafugaji wengi wa kibiashara hapa Ulaya na baadaye, kuelekea mwaka 2010, kikafanya hivyo hivyo Marekani na Kanada. Mjusi hakimdhuru. Ila hapo ni bora kubadilisha aina, ukachukua nyenje weusi au wale wenye mistari, ambao hakiwaathiri kwa ukali ule.

Kwako Uingereza kuna njia nyingine ambayo wafugaji wa Marekani hawana: nzige. Nzige wa jangwani, Schistocerca gregaria, ndiye yule yule anayeogopwa Afrika Mashariki, huzalishwa huko kwa ajili ya mijusi na huuzwa kwa saizi. Hanuki kama nyenje, hajifichi chini ya kila jiwe, hapigi kelele, na anachohitaji ni joto, hewa kavu na majani mabichi. Bei yake ni ya juu kidogo, lakini kwa mtu mwenye mjusi mmoja na jirani mwenye masikio mepesi, mimi ningeanzia hapo.

Juu ya kumlisha funza wa unga peke yao, geko chui wengi wameishi hivyo miaka mingi, na ule uvumi kwamba funza humtoboa mjusi tumbo ni uvumi tu, kwa sababu geko humtafuna mdudu kabla ya kummeza. Hata hivyo funza wana mafuta mengi kuliko nyenje, na mjusi aliyezoea aina moja hukataa nyingine siku duka likiishiwa. Wafanye akiba ya frijini, lakini wasiwe mlo pekee.

Nyenje Bondo

Nimesoma kwa furaha, kwa kuwa mimi niko upande mwingine wa biashara hii. Hapa Bondo, kaunti ya Siaya, nyenje hufugwa ili wasagwe kuwa unga wa chakula cha watu na cha kuku, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kimelifanya jambo hili kuwa somo la utafiti. Sijawahi kulisha mjusi makusudi, ingawa mijusi-kafiri wa ukutani hujilisha wenyewe kwenye mabanda yangu bila kuniomba ruhusa.

Aliyosema ndugu wa Hamburg kuhusu ukavu na trei za mayai ni sahihi. Mimi naongeza la chakula, kwa sababu naona kila mtu anaongea juu ya boksi na anasahau tumbo la nyenje. Nyenje anayetoka dukani mara nyingi ameshinda njaa njiani, na mjusi anayemla anakula ganda na hewa. Mlishe vizuri kwa saa 24 hadi 48 kabla hajaingia kizimbani, ili kilichomo tumboni mwake kimfikie mjusi. Kwa chakula kikavu toa pumba za ngano, shayiri iliyosagwa au chakula cha vifaranga. Kwa mboga toa sukuma wiki, ambayo kwenu inauzwa kila duka kwa jina la kale, pamoja na karoti na boga. Mchicha na spinachi si chaguo zuri hapa, kwa kuwa vina oksalati nyingi inayoifunga kalsiamu ile ile unayoitafuta. Osha mboga sana, na kama unajua zimepuliziwa dawa, ziache, maana dawa ya wadudu haibagui nyenje wa shambani na nyenje wa mjusi.

Hilo linanikumbusha jambo la kuwaonya walioko nyumbani wanaosoma hapa. Wakati wa uvamizi wa nzige wa 2020, wapo waliofikiri kuokota nzige walioanguka na kuwapa kuku au wanyama wengine wa kufugwa. Makundi yale yalikuwa yakipuliziwa sumu, na huwezi kujua kwa macho ni nzige yupi amepuliziwa. Panzi wa uani wana hatari ile ile kama jirani ana bustani anayoipulizia. Na vimulimuli msiwape mijusi kabisa: kuna aina zenye sumu ya kushambulia moyo, na mdudu mmoja tu ameweza kuua mjusi mkubwa.

Kuna pia mabuu ya wale nzi weusi ambao wafugaji wa kuku na samaki huku wanawaita kwa kifupi BSF. Kama huko mnawapata wakiwa hai, wachukue. Huhifadhiwa sehemu ya ubaridi wa wastani, kati ya nyuzi 10 na 15, wala si lazima walishwe wakiwa wamehifadhiwa hivyo.

Mama Nasra, Leicester

Nawashukuru sana. Nimekwenda kutafuta boksi kubwa, na duka la vifaa vya ujenzi limenipatia wavu wa chuma. Nzige nimewaona pia, na binti yangu amekubali kwa sharti kwamba asiwashike kwa mkono.

Nina maswali mawili zaidi. Kwanza, mume wangu akila kamba au kaa huvimba midomo na kuwashwa koo. Juzi alipokuwa akisafisha kopo la nyenje alipiga chafya mfululizo na macho yakamwiva. Je, kuna uhusiano? Pili, ule unga mweupe wa kalsiamu wa kuwapaka wadudu kabla ya kumlisha mjusi, kila anayeuza anataja kipimo chake. Mmoja anasema kila mlo, mwingine mara moja kwa juma.

Daktari wa Mifugo, Nairobi

Mama Nasra, swali lako la kwanza ni la maana kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na jibu ni kwamba uhusiano unaweza kuwapo. Kamba, kaa na wadudu wote wana protini iitwayo tropomiosini, na mtu ambaye mwili wake hukataa kamba anaweza kukataa nyenje, funza wa unga na mende kwa sababu hiyo hiyo. Vumbi la kinyesi chao na maganda wanayojivua hupeperuka hewani, hivyo si lazima mtu amle mdudu ndipo adhurike. Mzee asisafishe boksi tena. Atakayelisafisha afanye kazi hiyo nje au dirishani, kwa barakoa, na boksi lisikae chumba cha kulala. Dalili zikirudi, hasa kifua kikibana, amwone daktari wa binadamu na amweleze habari za kamba na za nyenje kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo hiyo nasita kuunga mkono wale watakaokuja kukushauri mende wa dubia. Ni mdudu mzuri kwa mjusi, hapandi ukuta laini na hapigi kelele, lakini koloni lake hukusanya kinyesi kikavu kinachofanana na unga, na mende ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya mzio na pumu majumbani.

Sasa kalsiamu. Takriban wadudu wote wa kulishia wana fosforasi mara kadhaa ya kalsiamu, wakati mjusi anahitaji kalsiamu isipungue fosforasi, na uwiano wa 2 kwa 1 ndio bora. Akikosa, mwili huichukua kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe: taya hulainika, miguu hupinda, na geko mdogo huanza kutetemeka anapotembea. Mabuu ya BSF huwa na kalsiamu ya kutosha, ilimradi mjusi awatafune barabara, kwani wakimezwa wazima ngozi yao ngumu hupita bila kumeng'enywa. Waliobaki wote wapakwe.

Vipimo vinatofautiana kwa sababu kuna unga wa aina mbili, na wauzaji hawasemi wanazungumzia upi. Kalsiamu tupu, bila vitamini D3, unaweza kuipaka katika karibu kila mlo. Ile yenye D3 ni suala jingine, kwa kuwa vitamini hiyo huhifadhiwa katika mafuta ya mwili na ikizidi hudhuru. Kipimo chake hutegemea kama kizimba kina taa ya UVB, yaani taa ya mionzi kama ya jua inayomwezesha mjusi kujitengenezea D3. Mwenye taa hupunguza, asiye na taa hutumia mara kwa mara zaidi kwa kufuata maelezo ya kopo husika. Vitamini A pia isisahauliwe, maana wadudu karibu hawana, na upungufu wake huonekana kwenye macho na ngozi. Unga wa mchanganyiko wa vitamini mara moja kwa juma huwatosha geko wengi waliokomaa.

Namna ya kupaka ni rahisi: weka nyenje watano au sita kwenye kikombe kirefu pamoja na kijiko kidogo cha unga, tikisa taratibu, kisha wamwage kizimbani mara moja. Usiwapake mapema. Nyenje hujisafisha kama paka, na dakika chache baadaye kalsiamu yako iko sakafuni. Saizi ya mdudu isizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Mlishe jioni, wakati ambao geko chui huamka, na uhakikishe sakafu ya upande wa joto inafika nyuzi 31 hadi 33, kwa sababu mjusi aliyeshiba katika baridi hawezi kumeng'enya.

Kisha kuna jambo ambalo nimewaona wafugaji wazoefu wakilipuuza. Nyenje ambaye hakuliwa asirudishwe kwenye boksi la akiba. Amekwisha kutembea juu ya kinyesi cha mjusi, na pengine amekila. Minyoo na vimelea vya Cryptosporidium, ambavyo humkondesha geko mpaka mkia unabaki kama kijiti, husambaa kwa njia hiyo kutoka kizimba kimoja hadi kingine. Wala asiachwe humo usiku kucha, kwani nyenje mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala, hasa kandokando ya macho na vidoleni. Funza wawekwe katika kibakuli chenye kuta laini ili wasijichimbie.

Na kuhusu maziwa, mzee ana hoja. Mijusi hubeba salmonela bila kuugua, na chochote kilichogusana na kizimba kinaweza kuwa nazo. Funza wa frijini wakae ndani ya chombo chao chenye vitundu, na chombo hicho kiingizwe katika boksi la pili lisilogusana na chakula cha watu, lifunguliwe kila siku kidogo ili hewa ibadilike. Kibanio, kikombe cha kupakia na sponji visioshwe kwenye sinki la jikoni, na binti anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza.

Mfugaji wa Hamburg

Daktari amenitangulia katika suala la mende. Nilikuwa tayari kuwasifia, lakini kwa nyumba yenye mtu wa mzio nakubaliana naye. Hata kwa funza wa unga, mume asishike pumba.

Niongeze machache juu ya hao funza wa frijini, kwa sababu ule usemi wa kwamba hawadai chochote si kweli. Kila baada ya juma moja au mawili watoe kwa siku nzima, uwawekee kipande cha karoti, wapate joto, wale na wanywe, kisha uondoe mabaki na uwarudishe wakiwa wakavu. Pumba zikilowa hushambuliwa na utitiri mdogo sana unaoonekana kama vumbi la rangi ya udongo linalotembea kwenye kingo za chombo, na ukishaingia ni bora kutupa pumba zote na kuosha chombo kwa maji ya moto. Funza mweusi aliyelainika ni mfu, mtoe. Aliyejivua ngozi muda si mrefu huwa mweupe na mlaini, na geko humpenda kupita wote.

Viwavi wa nta, ambao wafuga nyuki huko nyumbani wanawafahamu kama maadui wa masega, mpe mara chache tu, au anapohitaji kuongezwa uzito baada ya ugonjwa. Wana mafuta mengi na utamu wao humfanya mjusi agome kula kitu kingine chochote.

Kijana wa Morogoro

Samahanini wakubwa zangu kwa kuingilia. Je, taratibu hizi zinafaa kwa wale geko wadogo wa buluu wa msitu wa Kimboza?

Mfugaji wa Hamburg

Kijana, wale wa Kimboza, Lygodactylus williamsi, wako hatarini kabisa kutoweka, na tangu 2017 wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo kuwakamata na kuwauza nje hakuruhusiwi. Waache kwenye miti yao ya mikadi. Wanaofugwa kihalali huku Ulaya ni wale waliozaliwa kizimbani wenye hati, nao ni wadogo kiasi kwamba nyenje wa kawaida hawawafai. Hulishwa nyenje wachanga na nzi wa matunda wasioweza kuruka. Nzi hao huzalishwa ndani ya vikopo vyenye uji mzito wa ndizi au wa viazi, ambapo kizazi kipya cha Drosophila melanogaster hutokea baada ya siku 10 hadi 14 katika joto la nyuzi 25, na mfugaji huanzisha kopo jipya kila juma kabla la zamani halijachacha.

Mama Nasra, Leicester

Nimeelewa, na boksi limeshahamia varandani. Swali la mwisho: mwezi ujao tunasafiri kwenda Mombasa kwa siku kumi, na rafiki atakayekuja kuangalia nyumba anaogopa wadudu wanaoruka.

Daktari wa Mifugo, Nairobi

Geko chui mzima mwenye mkia mnene haangamii kwa kupunguziwa milo, kwa kuwa hula mara mbili au tatu tu kwa juma hata mkiwapo. Mwachie rafiki yako funza wa unga frijini, wakiwa wamegawanywa mafungu madogo katika vikopo tofauti, kila kimoja kwa mlo mmoja. Kazi yake itakuwa kumimina unga wa kalsiamu, kutikisa, na kumwaga funza kwenye kibakuli mara mbili au tatu katika siku hizo kumi. Nzige na nyenje msinunue tena mpaka mrudi. Kilicho muhimu kila siku ni maji safi, na aangalie kipimajoto cha upande wa joto: themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto, ikiharibika, mjusi huumia mapema kuliko njaa ingemuumiza.